Mkunazi wa Ziada

Kitu cha kwanza alichokiona Yinhuan ni nyayo. Zilikuwa kwenye vumbi la njia inayopanda mteremkoni, asubuhi, jua likiwa bado halijafika bondeni, na kila mmoja ulikuwa mfupi kuliko kiganja chake. Kisigino kimezama, mbele pameguswa tu. Mtoto hakanyagi hivyo. Katika kijiji cha Xuejiagou aliyekanyaga hivyo alikuwa mtu mmoja, bibi yake mzaa baba, ambaye miguu yake ilifungwa vitambaa tangu utotoni isikue, ili apate mume, na ambaye alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma.

Yinhuan alitua mzega, ule mti wa kubebea ndoo begani, akaziweka ndoo mbili chini taratibu zisimwagike, akatazama. Nyayo zilipita mstari wa mikunazi michanga ya baba, zikapita wa mama, zikapita wa kaka, zikaishia kwenye mstari wa bibi. Pale udongo ulikuwa umelowa, shina kwa shina. Mvua haikuwa imenyesha tangu theluji iyeyuke. Basi aliuruka mstari ule, akamwagilia mingine, akashuka na ndoo tupu.

Wakati wa uji alimwambia mama yake. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema akitazama bakuli.

"Bibi amemwagilia miti yake."

"Ndiyo maana pipa limepungua," mama yake, Guilan, alisema. "Mimi nilimshuku punda."

Baba yake, Decai, aliacha kutafuna. Alifikiri kidogo, kisha akajipiga paja.

"Hatukumsindikiza!"

Ilikuwa kweli. Kwetu, mkesha wa mwaka mpya, mwanamume wa nyumba huenda makaburini na vijiti vya udi, akawakaribisha waliokufa waje kula sikukuu na watoto wao. Siku ya pili huwasindikiza kurudi, kwa udi na fataki, maana mgeni haachwi aondoke peke yake. Mwaka ule Decai aliwakaribisha vizuri. Lakini siku ya pili, udi ukiwa tayari mkononi, lori la unga wa serikali, ambalo lilikuwa limechelewa kwa theluji, lilipiga honi chini bondeni, na kijiji kizima kikakimbia na mikokoteni. Babu hakuwa mtu wa makuu, akajiondokea mwenyewe. Bibi alikuwa mtu wa adabu. Alikaa akingoja kusindikizwa.

Walimkuta kwenye chumba cha akiba, kile kilichochimbwa ndani kabisa kilimani, ameketi katikati ya magunia na nguo zake za bluu za kuzikiwa. Viatu vyake vilikuwa na tope.

"Mama, mbona hukusema?" Decai aliuliza.

"Niseme nini? Mlikuwa mnakula. Sikutaka kuwaharibia sikukuu." Bibi alikung'uta vumbi la unga mkononi. "Halafu nikaona kukaa bure kunaniuma mgongo. Ile miti ni ya nani?"

"Ya kwako, Mama. Kila mwenye fungu la shamba ana mstari wake."

"Na mtama uko wapi?"

Ilibidi aelezwe, maana mambo haya yalianza mwaka uliofuata kifo chake. Decai alimweleza kama yeye mwenyewe alivyoelezwa na kipaza sauti cha kijiji. Udongo wa miteremko yetu, ukilimwa, kila mvua huushusha hadi Mto Manjano, na huko mbali mto unajaa matope na kuvunja kingo. Kwa hiyo serikali ikasema miteremko isilimwe tena. Ipandwe miti. Na mkulima, kwa kuwa atakosa mavuno, atapewa unga kila mwaka kwa kadiri ya shamba lake, mradi miti iwe hai.

"Subiri," Bibi alisema. "Wanawapa unga ili msilime?"

"Ndiyo."

"Unga huu mweupe?"

"Huo huo."

Bibi alicheka hadi akajishika mbavu. "Na mimi nilivyoupanda ule mlima na mbolea mgongoni, na miguu hii! Kumbe ningekaa tu nikalipwa." Kisha aliacha kucheka, akaingiza mkono kwenye gunia lililofunguliwa na kuuacha humo muda mrefu. Katika maisha yake alikuwa amewahi kula magome ya miti. "Wabarikiwe," alisema. "Yeyote aliyelifikiria jambo hili, abarikiwe."

Siku ya kumsindikiza ilikuwa imekwisha kupita, na mtu hawezi kusindikizwa siku yoyote tu. Ilibidi akae hadi mwaka mpya mwingine. Guilan alimtandikia mahali pake pa zamani kwenye kitanda cha udongo, upande wa jiko, lakini moto ulimsumbua, akahamia upande wa dirisha.

Majirani walikuja kumwamkia. Mama Tianbao wa nyumba ya juu alileta mbegu za maboga.

"Shikamoo, Bibi Liu. Huko kukoje?"

"Kukavu."

"Mume wangu umemwona?"

"Nimemwona. Anakoroma vilevile."

"Mwache akorome huko huko," Mama Tianbao alisema, akaanza kumenya mbegu.

Bibi alikula kidogo sana, zaidi harufu ya chakula kuliko chakula chenyewe, lakini kila mlo alikaa na familia akiwatazama watafunavyo. Mwishoni alimgeukia Yinhuan na kumuuliza kama alivyokuwa akimuuliza tangu akiwa mtoto:

"Umeshiba?"

Yinhuan alitikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya tangu mtoto. Zamani alitikisa hata njaa ikiwa inamkata, kwa sababu chungu kilikuwa kidogo. Sasa alitikisa kwa mazoea.

Yinhuan hakuwa na fungu la shamba. Hakuwa na karatasi ya aina yoyote. Alizaliwa wa pili, nyuma ya kaka yake Junping, wakati ambapo nyumba yenye mwana wa kiume haikuruhusiwa kuzaa tena, na faini ya kumwandikisha ilikuwa kubwa kuliko bei ya punda, mbuzi na milango ya nyumba kwa pamoja. Mwalimu wa kijijini alimruhusu aketi nyuma ya darasa, karibu na ndoo ya makaa. Alipofika darasa la nne mitihani ikawa inataka jina lililoandikishwa, naye akarudi nyumbani. Mgeni wa serikali alipopita kijijini, Yinhuan aliingia kwenye shimo la viazi akakaa humo hadi aitwe. Hakuna aliyemwambia aingie. Alikuwa amezoea tu.

Bibi alikufa majira ya baridi yale yale ambayo Yinhuan alitoka shule. Sheria ya ardhi ilisema mgao haubadiliki kwa miaka thelathini. Anayezaliwa haongezewi na anayekufa hapunguziwi. Kwa hiyo bibi aliyekuwa kaburini aliendelea kuwa na shamba, na mjukuu aliyekuwa jikoni aliendelea kutokuwa nalo, na lori lilipoanza kuleta unga, Guilan alilitenga gunia la bibi na kumwambia binti yake waziwazi, "Huu wa bibi yako ndio wako." Yinhuan alijifunza kukanda na kuvuta tambi kwa unga huo. Mashavu yake, ambayo yalikuwa yamebonyea, yalijaa.

Wiki chache baada ya Bibi kuanza kumwagilia, kipaza sauti kilikohoa, na sauti ya Mwenyekiti Miao ikasambaa bondeni. Alisema huko wilayani wamegundua vijiji vinavyopokea unga kwa mashamba ya watu wasiokuwepo, na kijiji kimoja kilichomeka matawi makavu ardhini siku ya ukaguzi. Kwa hiyo safari hii kila mwenye fungu asimame kwenye mstari wake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe. Asiyesimama, fungu lake litafutwa.

Decai alisikiliza hadi mwisho, akazima kiko chake.

"Fungu la Mama likifutwa," alisema, "huyu binti hana tena chakula. Itabidi aende Baotou kwa shangazi yake."

Shangazi alikuwa na mgahawa wa tambi huko Baotou, na alikuwa ametuma ujumbe mara nyingi kwamba anahitaji mtu wa kuosha vyombo, tena mtu asiye na karatasi, maana hao hawahamihami. Yinhuan alikuwa anachochea moto. Aliendelea kuchochea, ila alitia kuni mahali palipokuwa na kuni tayari.

"Lakini Mama yupo," Guilan alisema.

"Yupo, ndiyo. Lakini amekufa."

"Mwenyekiti amesema asimame kwa miguu yake. Kuna mahali amesema awe hai?"

Decai alifikiri. "Miti ndiyo amesema iwe hai."

"Basi."

"Nitasimama," Bibi alisema kutoka dirishani. "Tangu lini mimi nimeshindwa kusimama?"

Siku ya ukaguzi upepo ulikuwa wa njano kwa vumbi. Junping alikuja kutoka shule ya mjini, akasimama kwenye mstari wake na koti la shule. Decai alisimama kwenye wake, Guilan kwenye wake. Bibi alisimama kwenye wake na nguo zake za bluu, amechana nywele kwa maji. Mstari wake ndio uliokuwa na majani mengi kuliko yote mlimani. Yinhuan alitaka kushuka kwenye shimo la viazi.

"Kaa hapa," Bibi alimwambia. "Na nani atanishika nikiyumba?"

Basi Yinhuan alikaa, nyuma ya bibi, mwishoni mwa mstari, na mzega begani na ndoo zinaning'inia. Kwa haya alisimama kimya kabisa. Hata pumzi aliivuta kidogo kidogo.

Mkaguzi alikuwa kijana aitwaye Tuo, mwenye viatu vya mjini, begi, na kopo la chokaa lenye brashi. Mwenyekiti Miao alimfuata nyuma akimwonyesha mipaka. Kila mti Tuo aliushika akauvuta kidogo. Ukikataa kung'oka, aliupaka alama ya chokaa chini kwenye shina, usije ukahamishwa na kuhesabiwa mara mbili. Alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mkali. Alifika kwa Bibi akafungua karatasi zake.

"Jina?"

"Liu, mke wa Xue."

"Jina lako mwenyewe, Bibi."

"Hilo hawakuliandika."

Tuo alitazama karatasi. Kweli halikuandikwa. "Umri?"

"Nilipokufa nilikuwa na themanini na moja. Baada ya hapo sikuhesabu."

Tuo aliinua kalamu, akamtazama Mwenyekiti Miao. Mwenyekiti alitazama milima.

"Agizo linasema mwenye fungu asimame kwenye mstari wake," Tuo alisema taratibu, kama mtu anayejisomea. "Amesimama." Akaweka alama ya vyema. "Pole na upepo, Bibi. Keti ukichoka."

"Nisubiri kidogo, mwanangu," Bibi alisema. "Mwandike na huyu mjukuu wangu. Nusu ya maji haya ameyapandisha yeye."

"Yupi?"

"Huyu hapa. Mwenye ndoo."

Tuo alitazama alipoonyeshwa. Kisha alitazama karatasi, ukurasa wa mbele na wa nyuma, bila haraka, akitaka kweli kusaidia.

"Bibi, hapa hakuna mtu," alisema kwa upole.

Alikuwa anahitaji mikono yote miwili kwa kopo na brashi, kwa hiyo alilivua begi lake akalitundika kwenye ncha ya mzega wa Yinhuan, kama mtu anavyotundika kwenye tawi. Akainama na kuanza mstari. Alivuta, akapaka. Alivuta, akapaka. Mkunazi wa mwisho ulipokwisha alikuwa hajainua macho. Akamshika Yinhuan mkono wa koti na kumvuta kidogo.

Yinhuan hakung'oka.

"Huu umeshika vizuri," Tuo alisema, akampaka chokaa kwenye suruali, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alichukua begi lake, akaandika. "Mstari wa Liu, yote hai. Na mmoja wa ziada."

Decai alifungua mdomo. Guilan alimkanyaga. Mwenyekiti Miao, aliyekula tambi za mkono wa Yinhuan sikukuu iliyopita na kuomba aongezwe, alisafisha koo.

"Mwaka mzuri kwa mikunazi," alisema, na wakaendelea na mlima wa pili.

Waliposhuka, Guilan alipika tambi za unga mweupe mtupu, bila kuchanganya na wa mahindi, akakaangia vitunguu. Bakuli la kwanza alimpa Yinhuan, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani mle.

"Kwa hiyo wamemwandika," Bibi alisema.

"Wamemwandika mti, Mama," Decai alijibu.

"Mti una fungu la shamba?"

"Hauna."

"Mti unaruhusiwa kwenda shule?"

"Mama, na wewe! Mti unaleta unga, basi."

"Na sisi wengine tulileta nini?" Bibi alisema. "Kuleni, tambi zinapoa."

Wakala. Decai, aliyekuwa na wasiwasi tangu kipaza sauti kilipokohoa, alilala pale pale kwenye kitanda cha udongo na kijiti kimoja cha kulia mkononi. Shangazi wa Baotou alipotuma ujumbe tena, alijibiwa kwamba msichana hawezi kuja, ana kazi ya serikali.

Chokaa haikutoka. Guilan aliifua suruali kwa majivu, akaifua kwa sabuni ya mji, na mwisho alama ikaonekana imeingia hadi kwenye ngozi, mstari mweupe safi unaozunguka mguu. Haikuuma. Majira ya joto, mikunazi ya zamani ya kijiji ilipotoa maua, Yinhuan naye alinukia kidogo, na nyuki walikuwa wanatua kwenye mikono ya nguo yake anapoanika viazi. Mama Tianbao alimwomba akae karibu na mizinga yake, na alikaa. Wakaguzi wengine wawili walipita mwaka ule. Hakuingia tena kwenye shimo. Alikwenda mlimani akasimama mwishoni mwa mstari, nao walimvuta, wakaridhika, wakapita.

Bibi aliendelea kumwagilia hadi ardhi ilipoganda. Jioni walikaa wawili kwenye kizingiti wakipukuchua mahindi, bibi akisema na mjukuu akisikiliza. Alimweleza mwaka wa njaa, na jinsi alivyompikia Decai, akiwa mtoto, majani ya miti ya porini na kumwambia ni mboga ya wafalme. "Nilikuwa namuuliza umeshiba, naye ananiambia ndiyo, mtoto yule. Alikuwa ananidanganya. Nilijua." Akatupa gunzi motoni. "Wewe ukitikisa kichwa sijui kama unanidanganya au la."

Mwaka mpya ulifika. Decai aliwakaribisha wafu kwa udi. Babu alikuja, akamkuta mkewe dirishani, akamuuliza alikuwa wapi mwaka mzima. "Kazini," Bibi alimjibu.

Siku ya pili, Decai akiwa anavaa kofia ili awasindikize, honi ililia chini bondeni. Theluji ilikuwa imelichelewesha lori tena. Watu walianza kukimbia. Decai alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Nenda kachukue unga," Bibi alimwambia. "Mwenye sahihi ni wewe. Huyu atanisindikiza, yeye huko chini hawamhitaji."

Kusindikiza ni kazi ya mwanamume, lakini Decai alimpa binti yake vijiti vya udi na kiberiti, akaenda na mkokoteni.

Walipanda watatu, Babu akitangulia. Kwenye theluji nyayo za Bibi zilikuwa zile zile, kisigino kimezama, mbele pameguswa tu. Yinhuan alimshika kiwiko kwenye kona. Juu, mikunazi ilikuwa imesimama bila majani, kila mmoja na mstari wake wa chokaa, na kati ya mistari yalikuwa makaburi. Babu aliaga kwa kuinamisha kichwa, akaingia. Yinhuan alichomeka udi na kuuwasha. Upepo uliuzima, akauwasha tena.

"Siku ya ukaguzi uje uniite," Bibi alisema. "Uniite kwa sauti. Nikiwa huku ndani masikio yanajaa udongo. Nisiposimama fungu litakwenda, na wewe utakula nini."

Yinhuan alitikisa kichwa.

Chini, kwa mbali, lori lilikuwa limezungukwa na watu wadogo sana, na magunia meupe yakipita mikono kwa mikono. Mwenyekiti Miao alikuwa anasoma majina kwa kipaza sauti. Alisoma jina la Decai, la Guilan, la Junping, la Liu mke wa Xue. Kisha akaanza majina ya nyumba inayofuata.

"Wamenisoma," Bibi alisema, akaridhika. Akageuka, akaanza kwenda kwenye kaburi lake kwa hatua zake fupi, mikono amekunja kwenye mikono ya nguo. Alipofika ukingoni aliuliza, bila kugeuka, kama alivyouliza kila mlo:

"Umeshiba?"

Yinhuan alitikisa kichwa. Bibi alikuwa amempa mgongo, hakuona. Alisimama akingoja, mguu mmoja tayari umeingia ardhini.

"Nimeshiba," Yinhuan alisema. Sauti ilitoka ndogo, upepo ukaichukua. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo na kupiga kelele, hadi chini bondeni watu wawili watatu wakainua vichwa kutazama mlimani, wakaona mikunazi tu.

"Nimeshiba, Bibi! Tangu uliponiachia chakula chako, sijawahi kulala na njaa. Asante!"